Chuma na fosfeti, chupa mbili tofauti
Umechanganya mbolea zote za mimea ya tangi lako la samaki kwenye chupa moja; hayo mashapo yaliyotuama chini yake ni chuma kilichoshikana na fosfeti, ndugu; mimea haitafaidika nacho. Mwaga, anza upya na chupa mbili. Ya virutubisho vidogo (chuma na vingine ambavyo mimea huhitaji kwa kiasi kidogo): gramu 10 za unga wake wenye chuma asilimia 7, ndani ya mililita 500 za maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, siyo asidi yake, tafadhali!). Mililita 5 kwenye tangi la lita 70 zinakupa chuma miligramu 0.1 kwa lita. Fosfeti, ya chupa ya pili, tia kesho yake. Kama unafuga kamba wadogo, anza na nusu dozi, maana unga huo kwa kawaida una shaba, ambayo ni sumu kwao. Chupa iandike jina, ikae kwenye friji isiote ukungu.