Kwa nini amri ya "stabodi" iliigeuza Titanic kushoto?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ubaharia. Nimesoma kwamba usiku Titanic ilipogonga mwamba wa barafu, ofisa wa zamu aliamuru "stabodi yote", na meli ikageukia kushoto. Tulivyofundishwa, stabodi ni kulia. Je, aliyeshika gurudumu alikosea?

Jibu: Hakukosea. Stabodi ilikuwa ubavu wa kulia wa chombo tarehe 14 Aprili 1912 kama ilivyo leo. Kilichobadilika ni kitu kinachoelekezwa na amri. Katika meli za Uingereza za wakati ule, amri ilitaja upande wa kupeleka kana, yaani mpini unaotoka kwenye kichwa cha usukani (nausema usukani kwa maana ya mabaharia, ule ubao ulio majini, si gurudumu la dereva). Aliyewahi kuendesha mashua anajua kwamba kana ikisukumwa kulia, usukani hulala kushoto, na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hufuata huko huko. Ndiyo maana ofisa wa zamu, William Murdoch, alipotoa amri hiyo, mshika gurudumu Robert Hichens alizungusha gurudumu kushoto, na kwa ushahidi wake mwenyewe meli ilikuwa imegeuka pointi mbili, ambazo ni digrii 22.5, ilipogonga.

Neno lenyewe ni la kale kuliko usukani wa katikati. Mabaharia wa Ulaya ya kaskazini, Waviking wakiwamo, waliongoza vyombo kwa kasia pana lililofungwa ubavuni upande wa kulia, karibu na tezi (sehemu ya nyuma ya chombo), na katika Kiingereza cha kale ubavu huo ukaitwa steorbord, yaani ubavu wa kuongozea. Usukani ulipohamishiwa katikati ya tezi, jina lilibaki ubavuni. Gurudumu nalo, lililoenea katika karne ya 18, lilianza kama njia ya kuivuta kana kwa kamba, hivyo manahodha hawakuona sababu ya kuacha kuamuru kana, hata pale ambapo mshika gurudumu hakuiona kabisa.

Mkanganyiko baina ya mataifa ndio uliolazimisha mabadiliko. Mkataba wa usalama wa maisha baharini wa 1929 ulitaka amri itaje upande ambao gurudumu, usukani na omo vyote vinaelekea, na Uingereza ikaanza kuufuata utaratibu huo mwaka 1933. Kwa hiyo ukisoma kumbukumbu za ajali za zamani, tazama kwanza mwaka na bendera ya meli, ndipo uamue amri ilimaanisha nini.