Kitabu cha Nyota Usikitazame kwenye Skrini Tu

Kama unapenda vitabu adimu vya elimu ya nyota, picha za intaneti zitumie kuchagua utakachoomba, kisha nenda ukakione chenyewe maktabani.

Mfano wangu wa kwanza huwa Astronomicum Caesareum, kitabu cha mwanafalaki Petrus Apianus, kilichochapwa Ingolstadt, Ujerumani, mwaka 1540. Kwenye skrini ni miduara yenye rangi za kupendeza, basi. Kikiwa mezani ndipo unapoona kwamba ile miduara ni visahani vya karatasi vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, na kwamba vinazunguka. Unavigeuza hadi tarehe unayoitaka, unanyoosha uzi kutoka katikati, unasoma sayari iko wapi. Ni chombo cha kupigia hesabu chenye jalada! Ila usiguse kisahani chochote kabla ya kumwuliza mkutubi. Mara nyingi atakizungusha mwenyewe, na ana haki: karatasi inakaribia miaka 500.

Mikono iwe safi na mikavu. Glavu kwa kawaida hazihitajiki, kwa sababu hupunguza wepesi wa vidole na ukurasa huchanika. Kalamu ya wino iache nje, ingia na penseli.

Penye michoro iliyochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, inama utazame ukurasa kwa upande. Utaona mbonyeo ulioachwa na bamba kuzunguka picha. Mimi huanzia hapo kila mara, maana jicho likitazama uzuri peke yake hudanganyika. Nakala moja ya Sidereus Nuncius, kitabu cha Galileo, yenye michoro ya mwezi iliyodhaniwa kuwa ya mkono wake, iliwadanganya wataalamu wa kweli kabla ya kubainika mwaka 2012 kuwa ni bandia.

Ukiona atlasi ya nyota ya mwanafalaki Johannes Hevelius, usishangae makundinyota yamegeuka kushoto kulia: aliyachora kana kwamba unalitazama anga kutoka nje.

Vitabu vya wasanii, yaani vitabu ambavyo vyenyewe ni kazi za sanaa, navyo visikupite. Ninachokipenda kuliko vyote ni Maximiliana, kilichotolewa Paris mwaka 1964 na msanii Max Ernst pamoja na mchapaji Iliazd. Kinamhusu Wilhelm Tempel, mchapaji wa picha aliyegundua nyota zenye mkia bila shahada yoyote. Ernst alijaza kurasa mwandiko wa kubuni usiosomeka na yeyote. Hicho kiombee siku yake peke yake, usikichanganye na kingine.