Mzee wa Zimamoto anajibu: tangi la maji, karai la mafuta na ufunguo wa geti

Meseji zimekuwa nyingi safari hii, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo naanza na hilo. Kwa mgeni wa safu hii: nilikuwa askari wa zimamoto hapa Dar es Salaam mpaka nilipostaafu, na ninayoyajibu ni yale niliyoyashika kwa mikono.

Shikamoo mzee. Mtaani kwetu Tandale nyumba ya vyumba sita imeungua. Gari la zimamoto lilifika, likamwaga maji dakika chache yakaisha, likaondoka kufuata mengine. Vijana walitaka kulipiga mawe. Kwa nini mnakuja na maji kidogo?

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa yaliyowapata.

Tufanye hesabu kwanza. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Hayo ni madumu 250 ya lita 20. Mama anayenunua madumu matano kwa siku yangemfikisha siku 50. Lakini mpira mmoja wa kuzimia moto unaweza kutoa lita 500 kwa dakika. Ukifungua mipira miwili, dakika ya tano tangi limekauka. Maji ya tangini ni ya kuanzia tu, ya kuokoa aliye ndani na kuuzuia moto usivuke, wakati askari wengine wanatafuta kisima cha zimamoto waunganishe mpira. Kisima chenyewe ni lile toleo la bomba lililo pembeni mwa barabara, chini ya mfuniko wa chuma.

Sasa nikuulize, kisima cha karibu na kwenu kiko wapi? Usiku mmoja tuliitwa kwenye moto wa maduka. Ramani ilionyesha kisima hatua 40 kutoka pale. Tulimulika tochi hatukuona kitu. Mwisho mzee mmoja mlinzi akatuelekeza kwenye meza ya viatu vya mitumba. Tukaiondoa, tukafagia mchanga kwa viganja, tukaupata mfuniko, na juu yake mtu alikuwa amemwaga zege ili meza yake isiyumbe. Tulilivunja kwa nyundo. Tulipopata maji, duka la tatu lilikuwa limeshashika. Yule mwenye meza alikuwa anatafuta riziki, hakumkusudia mtu ubaya, lakini nilimwona asubuhi yake amekaa juu ya ndoo, kichwa mikononi. Na la kwake lilikuwa limeungua.

Sehemu nyingine kisima hakipo kabisa. Mitaa imejengwa haraka kuliko mabomba yalivyolazwa, na sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 5.38 katika mkoa huu. Huko gari lazima liende kujaza na kurudi, kwenye foleni unayoijua.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulielewa vibaya. Wanamwona askari anaimwagia maji nyumba ya jirani isiyowaka, au anang'oa bati zake, wanapiga kelele kwamba hajui kazi. Kwetu uswahilini paa zinagusana, na moto hutembea juu ya siling bodi kabla hujauona dirishani. Nyumba iliyoshika mpaka kenchi mara nyingi imeshakwenda. Anachopigania yule askari ni nyumba nne zinazofuata.

Kuhusu mawe, nimewahi kuwa ndani ya gari lililopigwa. Kioo cha mbele kilipasuka, dereva akarudi nyuma mpaka barabara kuu, na tukarudi kazini baada ya polisi kufika. Katika muda huo moto haukutusubiri. Nawaelewa wenye uchungu, nimelia nao. Lakini mkitaka kutusaidia, vuteni mpira pamoja nasi pale tunapowaomba, zuieni bodaboda zisipite juu yake, unyoosheni unapojikunja maana ukijikunja maji hayapiti. Na kabla ya siku hiyo, mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa watembee jioni moja watafute mfuniko uko wapi, na waandike namba za wenye maboza ya maji. Boza la mtu binafsi limeshaokoa nyumba nyingi mjini hapa.

Nikipiga 114 naambiwa nieleze, nakosa la kusema. Niseme nini? Na je, kuzimiwa moto ni kulipia?

Hulipii kuzimiwa moto wala kuokolewa, na simu yenyewe ni bure, usiku na mchana. Ada zinazosikika ni za ukaguzi na vyeti vya usalama wa majengo.

Ukipiga, anza na mahali, kwa sababu simu ikikatika hapo katikati angalau gari limeshajua liende wapi. Usiseme "kwa mama Asha". Taja wilaya, mtaa, halafu kitu ambacho dereva hawezi kukikosa: msikiti, shule, kituo cha daladala, petrol stesheni. Kisha sema kinachoungua na kama kuna watu ndani. Ukiona waya wa umeme umeanguka au kuna mitungi ya gesi, sema. Usikate wewe kwanza. Halafu mtume kijana mwenye tochi asimame njia panda, kwa sababu kwenye vichochoro vya Manzese au Vingunguti hata mzaliwa wa hapo hupotea usiku.

Mimi ni mama lishe Tandika, natumia gesi na nakaanga kila siku. Naogopa mtungi. Nifanye nini ukiwaka?

Dada yangu, hofu yako ni ya haki, ila nikikuangalia jikoni kwako naogopa karai kuliko mtungi.

Mafuta yakipata moto kupita kiasi huwaka yenyewe. Mtu wa kwanza kuona hukimbilia ndoo. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini ya karai lenye moto mkali, na papo hapo yanageuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,700 ya ile ya mwanzo. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Niliwahi kumbeba binti aliyemwaga kikombe kimoja tu cha maji.

Dawa yake ni mfuniko: zima jiko, funika, acha mpaka mafuta yapoe kabisa, usilibebe karai kulitoa nje. Tatizo ni kwamba karai halina mfuniko, nawe unajua. Kwa hiyo nunua sinia la bati pana kuliko karai lako, litundike pembeni mwa jiko, mahali mkono unafika bila kupita juu ya moto. Lisitumike kupakulia wali. Siku ya haja litakuwa linaoshwa.

Mtungi sasa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni na kujikusanya kwenye pembe. Harufu ile imetiwa makusudi ili uisikie. Ukiisikia, usiwashe wala kuzima taa, maana swichi hutoa cheche pande zote mbili. Funga koki ya mtungi, fungua milango, toka nje. Ukiona moto kwenye mpira na koki inafikika, zungusha kitambaa kibichi mkononi uifunge. Haifikiki? Toa watu, piga simu ukiwa mbali, na usiulaze mtungi chini. Na mpira wenyewe uupake povu la sabuni mara kwa mara: pakitoa mapovu yanayokua, pana tundu, ubadilishe siku hiyo hiyo.

Nyuki wamejaa kwenye mwembe wa shule. Ni kazi yenu?

Ndiyo, pigeni 114. Watoto wasirushe mawe, na msichome matairi chini ya mti.

Mzee, mtoto wa jirani alitumbukia kwenye shimo la choo, baba yake akamfuata, naye hakutoka. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuruka. Zimamoto wangefanya nini ambacho sisi tulishindwa?

Usijilaumu. Ungeruka, leo nisingekuwa na wa kumjibu.

Shimo la choo na kisima kilichofungwa muda mrefu vina hewa mbaya. Nyingine haina harufu, nyingine harufu yake huua pua kwanza ndipo imuue mtu. Unashuka ukiwa mzima, unavuta pumzi mbili tatu, miguu inalegea. Wa juu anakuona umelala, anadhani umeteleza, anakufuata. Nimefika kwenye shimo moja nikakuta ndugu watatu, mmoja juu ya mwingine, wote vijana wenye nguvu. Wote walishuka kwa mapenzi.

Askari anaposhuka anabeba mtungi wa hewa mgongoni wenye barakoa ya kufunika uso wote, na kiunoni ana kamba iliyoshikwa na wenzake juu. Hewa hiyo ni ya nusu saa hivi, na ukifanya kazi nzito hupungua upesi. Huo ndio uwezo wetu, vifaa na mazoezi. Ushujaa baba yule alikuwa nao kuliko sisi.

Ninyi wa juu mnaweza kufanya haya: pigeni simu mara moja, ondoeni umati kwenye ukingo maana udongo hubomoka, na kama aliye chini anajibu, mteremshieni kamba yenye kijiti kilichofungwa ncha ili akikalie au akikumbatie. Zungumzeni naye, mtajeni kwa jina. Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo, wa kwanza kuchimba walikuwa vijana wa pale pale, kwa mikono na nyundo, na sauti za waliofukiwa ndizo zilizoelekeza wapi pachimbwe. Wananchi na askari walikesha pamoja. Sheria ya 2007 iliyounda jeshi moja la nchi nzima, badala ya vikosi vya halmashauri, imeliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hilo neno la pili ndilo linalotutoa kwenye moto na kutupeleka mashimoni, Jangwani mto Msimbazi unapofurika, na kwenye magari yaliyominywa barabarani.

Nina miaka 20, nataka kujiunga. Nianzie wapi?

Subiri tangazo rasmi la ajira, na usimpe mtu yeyote pesa. Chuo cha jeshi kiko Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Wakati unasubiri, jifunze kuogelea na kufunga mafundo ya kamba. Pita pia pale kituoni Morogoro Road, ambapo makondakta wanaita "Fire! Fire!" kutwa. Kituo cha basi kimechukua jina la wale jamaa, nao wakiwa hawana tukio hupenda kuulizwa maswali.

Baba, tumehamia Kimara, madirisha yote yana nondo, geti la mlango lina kufuli. Mume wangu anasema ndiyo usalama. Mimi silali.

Mume wako hajakosea, wezi wapo. Lakini nondo inayomzuia mwizi asiingie inamzuia na mtoto asitoke, na usiku wa moto umeme umekatika na moshi umeshuka mpaka kifuani. Huoni kiganja chako. Watu wengi hufa kwa moshi kabla moto haujawagusa. Na mtoto mdogo akiogopa hakimbilii mlango, anajificha. Tukiingia chumbani, kwanza tunapapasa uvunguni na ndani ya kabati.

Mwiteni fundi wa kuchomelea atengeneze dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo za kufunguka kwa ndani. Ufunguo wa geti uwe na msumari wake ukutani, usawa wa mkono wa mtoto wako mkubwa, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Usikae kwenye pochi wala chini ya mto wa baba.

Kisha usiku mmoja zimeni taa zote, fungeni geti kama kawaida, mwambie yule mtoto atoke kitandani, atambae, achukue ufunguo, afungue. Mhesabie sekunde. Akipapasa ukuta bila kuupata, uhamishe msumari, mrudie tena.