Daftari langu la Ijumaa: jinsi ninavyozitambua hisa zinazopanda kweli

Jumapili iliyopita msomaji mmoja wa Iringa aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nina milioni mbili, nitajie hisa inayopanda nikanunue kesho." Nimekaa na ujumbe huo siku tatu, kwa sababu mwaka 2018 mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza hivyo.

Mwaka ule nilipata mgao wa kikoba, milioni mbili na laki nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp ilisifiwa hisa moja ya Soko la Hisa la Dar es Salaam iliyokuwa imepanda wiki tatu mfululizo. Nikanunua kwa pesa yote, siku moja. Wiki iliyofuata bei ikasimama, kisha ikaanza kuteremka. Nilipotaka kuuza, dalali akaniambia taratibu, "Mama, wanunuzi hawapo." Oda yangu ilikaa miezi minne. Mara tano nilipanda basi kutoka Morogoro kwenda ofisini kwao, nikaonyeshwa skrini: upande wa wauzaji umejaa, upande wa wanunuzi mtupu. Nilitoka na hasara ya laki nane, na ile ilikuwa ada ya mwanangu. Hisa ile ikitajwa hadi leo moyo unaniuma.

Nilikuwa nimeona bei imeruka, nikadhani inapanda.

Duka langu ni la vifaa vya shule. Nikachukua kaunta buku la kwaya mbili, nikaanza. Kila Ijumaa soko likishafungwa naandika bei ya kufunga ya kila kampuni na idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo. Zikitimia Ijumaa 40 najumlisha bei zote nagawanya kwa 40. Wenye kompyuta wanatumia wastani wa siku 200. Soko hufanya kazi siku tano kwa wiki, kwa hiyo ni muda uleule. Ijumaa inayofuata naiondoa bei ya zamani kuliko zote, naingiza mpya. Bei iliyo juu ya wastani naiandika kwa wino wa bluu, iliyo chini kwa mwekundu.

Inayopanda kwangu ni ile ambayo bei iko juu ya wastani, wastani wenyewe umekuwa ukipanda angalau miezi sita, na kila bei inapoteremka haifiki chini ilikofika mara ya mwisho. Lakini kabla ya yote hayo naangalia kama inauzwa kila wiki. Kwa soko letu hilo ndilo swali la kwanza. Hisa ya benki ya NMB iliwahi kuganda shilingi 2,340 miezi na miezi. Haikushuka, haikupanda, ililala tu. Ilipoamka ikaenda hadi kuvuka 5,000 mwaka 2024, na mwenye daftari aliuona wino wa bluu mapema.

Hisa ya benki ya CRDB ndiyo iliyonifuta machozi. Iliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150, na miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya 100. Wengi waliikatia tamaa. Kwenye daftari langu iligeuka bluu, nikasubiri, nikasoma hesabu zake za robo mwaka nikaona faida inaongezeka, ndipo mwaka 2021 nikaanza kununua kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 600. Nasema kwa fahari, kwa sababu hakuna aliyeninong'oneza. Niliiona kwa mkono wangu mwenyewe.

Jamani, tuache kununua hisa kwa masikio! Andika bei. Wiki tatu hazitoshi, andika bei. Na uandike hata ukishanunua, kwa sababu kupanda kuna mwisho. Ndugu zetu wa Kenya waliinunua Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi tano zao, ikashuka chini ya tatu mwaka uliofuata, ikapanda miaka mingi hadi kupita 40 mwaka 2021, kisha ikarudi karibu na 12 mwaka 2023. Walioipenda bila kuipima waliisindikiza njia nzima. Mimi nikiona wino mwekundu Ijumaa nne mfululizo nauza, hata kama naipenda kampuni. Ila bei ikishuka kidogo karibu na siku kampuni inapofunga daftari la majina ya wanahisa kwa ajili ya gawio, yaani faida wanayogawiwa, usikimbie. Hiyo ni thamani ya gawio imetoka. Na pesa ya ada isikanyage sokoni kabisa, hapo sina mjadala.

Mdogo wangu wa Iringa, marahaba. Jina la hisa sikupi. Bei za nyuma zipo kwenye ripoti za kila siku za soko, kwa hiyo huna haja ya kungoja wiki 40. Nunua daftari, jaza safu ya kampuni moja, nipigie picha unitumie. Tutaisoma pamoja.