Kabureta Kubwa katika Gari la Babu

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Ford Model T ya mwaka 1924 niliyoachiwa na babu yangu. Niliondoa kabureta yake ya asili, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikafunga kubwa zaidi ya gari la miaka ya baadaye na kulipanua tundu la jeti inayopitisha petroli, ili injini ipate nguvu ya kupanda kilima cha Bugando. Wenzangu gereji wanausifu mngurumo wake, lakini moshi ni mweusi na petroli inakwisha upesi. Nitapimaje kwa uhakika kama nimefaulu? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, moshi huo umekwisha kukujibu nusu ya swali. Petroli huungua yote pale uzito wa hewa unapokuwa takriban mara 14.7 ya uzito wake, na nguvu nyingi hupatikana karibu na 13; mafuta yakizidi hapo, unachoma fedha tu. Tena Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, hata kabureta iliyorekebishwa vizuri Dar es Salaam huzidisha mafuta kidogo ikifika kwetu. Jeti ilistahili kupunguzwa, nawe umeipanua. Isitoshe, injini hii ya lita 2.9 hutoa nguvu za farasi 20 katika mizunguko 1,600 hivi kwa dakika, na koo pana la kabureta huipunguzia hewa mwendo, petroli ikaingia kwa matone badala ya mvuke.

Kuhusu kupima, rudisha kwanza kabureta ya asili, maana bila hiyo huna cha kulinganisha. Panda kilima hichohicho mara tatu, injini ikiwa imepata moto, abiria wakiwa walewale, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujashika, na upime kwa saa muda kati ya alama mbili. Linalowapotosha wengi ni mkono wa cheche, unaopanga wakati wa plagi kuwasha mafuta, ulio kushoto chini ya usukani: ukiusogeza kidogo tu injini hubadilika, nawe utaisifu kabureta kwa kazi isiyo yake. Mahali pake patie alama ya chaki. Angalia pia tangi, kwani likiwa chini ya kiti, petroli hushuka kwa uzito wake wenyewe, na mafuta yakiwa machache injini hukohoa mlimani hata kama kabureta haina kosa. Ndiyo maana madereva wa zamani walipanda kwa rivasi, ili tangi liwe juu ya kabureta.

Ulaji wa mafuta upime kwa kujaza tangi, kwenda Usagara na kurudi, kisha kuhesabu lita utakazoongeza. Plagi zenye masizi makavu meusi zitathibitisha kile moshi ulichosema.

Ukiing'ang'ania kabureta kubwa, tia jeti ndogo, badilisha hiyo peke yake, na uandike muda wa kilima daftarini kabla hujagusa kitu kingine.