Aluminiamu imejaa, mbona gari bado ni zito?

SWALI: Mhariri, kila mwaka watengenezaji wa magari ya michezo hujigamba kwamba wametumia aluminiamu na nyuzi za kaboni ili kupunguza uzito. Mbona basi gari jipya likipandishwa kwenye mizani huonekana zito kuliko lile la zamani lililokuwa la chuma kitupu? Je, tunadanganywa?

JIBU: Hamdanganywi, ila mnaambiwa nusu tu ya habari. Bodi kwa kweli imekuwa nyepesi ukilinganisha na ukubwa na uimara wake. Kilichoongezeka ni ukubwa wenyewe, pamoja na shehena ya vifaa ambavyo bodi hiyo imebebeshwa. Porsche 911 ya mwanzo, ya miaka ya 1960, ilikuwa na upana wa milimita 1,610 na uzito wa kilo 1,080 hivi, ilhali 911 Carrera ya kizazi kilichotoka mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,852 na uzito wa karibu kilo 1,500.

Ukitaka kuona kilo hizo zinakojificha, fungua mlango. Wa zamani ulikuwa bati, kioo, kitasa na mkono wa kuzungushia kioo, basi. Wa leo una nondo nene ya kukinga kishindo cha ubavuni, mota ya kioo, spika, fungu la nyaya, tabaka la kuzuia kelele, na mara nyingine mfuko wa hewa. Sheria imechangia: Marekani, kwa mfano, ililazimisha mifuko ya hewa ya mbele kwa dereva na abiria katika magari madogo yote mapya ya kuanzia toleo la 1998. Masharti ya moshi nayo yameleta vichujio kwenye ekzosi.

Hata hivyo, tatizo kubwa ni kwamba uzito huzaa uzito. Gari likiwa zito huhitaji breki kubwa zaidi ili lisimame. Diski kubwa za breki haziingii ndani ya ringi ndogo, ndiyo maana ringi za inchi 15 za 911 ile ya kwanza zimekuwa za inchi 19 mbele na 20 nyuma. Na ili mwendo usipungue, injini ya nguvu za farasi 130 imekuwa ya 385, ikiwa na tabo mbili (vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi), mabomba yake na vipozeo vyake. Kwa kuwa gari jipya bado huliacha mbali la zamani, mnunuzi halalamiki, naye huongeza viti vya umeme juu yake.

Betri zimezidisha mambo. BMW M5 ya mwaka 2024, ambayo ni saluni yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ina uzito unaozidi kilo 2,400, takriban nusu tani zaidi ya ile iliyoitangulia.

Mimi siikubali hoja kwamba lawama zote ni za sheria. Mazda MX-5, gari dogo la michezo, iliyoingia sokoni mwaka 2015 ilitimiza masharti ya wakati wake, lakini ilipungua takriban kilo 100 kutoka kizazi kilichotangulia. Boneti yake ni ya aluminiamu, kama ya magari mengine mengi. Tofauti ni kwamba injini yake haina tabo, na gari lenyewe ni fupi hata kuliko MX-5 ya kwanza ya mwaka 1989.