Ukitaka kuijua Paris iliyokaliwa na Wajerumani, anzia kwenye hesabu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama inafaa Mwafrika anayeandaa tasnifu ajitose katika nyaraka za utawala wa kijeshi wa Ujerumani nchini Ufaransa, wa mwaka 1940 hadi 1944. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mwalimu mmoja, tena kwa tabasamu ambalo hadi leo linanichoma, na jibu langu likawa tasnifu iliyopita bila kurudishwa hata ukurasa mmoja.

Wengi hukimbilia amri za kuwaua mateka, hasa za Oktoba 1941, wakati mateka 48 walipopigwa risasi siku mbili baada ya kuuawa kwa Karl Hotz, kamanda wa Kijerumani wa Nantes. Mimi nilianza na hesabu. Ufaransa ilitozwa reichsmark (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) milioni 20 kwa siku kugharimia jeshi lililoikalia, na kwa kuwa Wajerumani walilazimisha mark moja iwe sawa na faranga 20, hizo zilikuwa faranga milioni 400 kila kukicha. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, zile barua kavu za Hoteli Majestic ya Paris, yalikokuwa makao makuu ya utawala huo, hazikuchoshi tena.

Usisome maandishi ya taipu peke yake. Tazama pembezoni, palipo na mhuri wa tarehe ya kupokelewa, vifupisho vya majina ya maofisa walioipitia barua, alama za kalamu za rangi, na herufi z.d.A. zinazoagiza karatasi iende jaladani. Nakumbuka barua moja ya mistari minne ambayo vifupisho vya pembeni vilizidi mistari yenyewe, na ndivyo vilivyonionyesha nani alijua nini, na lini. Vijana wa leo mnapiga picha kurasa mia mkaondoka. Huko si kusoma, na mtihani wa utetezi utawaumbua.

Tena msitegemee hifadhi moja. Agosti 1944 Wajerumani walichoma sehemu ya karatasi zao kabla ya kuondoka Paris, na zilizosalia zimetawanyika: fungu RW 35 liko Freiburg, Ujerumani, katika hifadhi ya kijeshi ya Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya nchi hiyo, na fungu AJ 40 liko katika Hifadhi ya Taifa ya Ufaransa. Barua ikikosekana upande mmoja, angalia orodha ya waliopelekewa nakala katika barua za jirani, kisha uandikie hifadhi ya pili mapema ukitaja namba kamili ya jalada, kabla hujakata tiketi.